Floti ya Mti

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Nuu, kwa majirani zao wa Mui na Tseikuru, kwa chifu na manaibu wake, kwa makanisa yote matatu pamoja na yale mawili yaliyojitenga kwa ugomvi wa ngoma, na kwa kila mtu aliyewahi kusukuma gari la mwenzake: kwamba Musembi wa Nzomo, Daktari Bingwa wa Kabureta, Mpulizaji Mkuu wa Jeti, Mlezi wa Injini Yatima kutoka mto Tana hadi reli ya Mombasa, hana cheti hata kimoja. Alikuwa nacho kimoja tu, cha ubatizo, nacho alikikata gasketi mwaka wa sitini na tisa baada ya kugundua kwamba karatasi ya misheni ni ngumu na haipitishi mafuta.

Aliyeipenda sana habari ya cheti hicho ni Msomali mmoja, Hersi Gabow. Hersi alikuwa na duka pale Nuu, alinunua mbuzi Tseikuru na kuwauza Mwingi, na alimiliki Land Rover ya pekee mitaa hiyo iliyokuwa ikitembea kwa nguvu zake yenyewe siku nyingi za juma. Aliipata mnadani, kutoka kwa watu waliokuwa wakipima barabara ambazo mpaka leo hazijaonekana. Raia waliibatiza Mheshimiwa, kwa sababu ilikunywa sana, ilitoa moshi mwingi kuliko kazi, na kila ilipofika mlimani ilisimama ikangoja kusukumwa na wananchi.

Mheshimiwa alikuwa na fundi mmoja tu, na fundi huyo alikuwa na masharti. Kabla ya kufungua kabureta Musembi alinawa mikono kama mtu anayekwenda kula. Alitandika kitambaa cheupe juu ya benchi lake, akapanga vipande kimoja kimoja: jeti, sindano, floti, skrubu, springi ndogo kama kucha ya mtoto. Ukipiga chafya karibu na kitambaa hicho ulifukuzwa, hata kama gari lilikuwa lako. Hersi alifukuzwa mara mbili, mara ya pili kwa chafya aliyokuwa bado anaifikiria.

Baba yake Musembi, mzee Nzomo, alikuwa mchongaji. Alichonga twiga. Maisha yake yote alichonga twiga kwa ajili ya wazungu waliokuwa wametoka mbali kuona twiga wazima wakaondoka na wa mti. Musembi aliwakimbia twiga hao akiwa na miaka kumi na tisa, akaenda Sultan Hamud kwenye barabara ya Mombasa, kwa Mkikuyu mmoja aliyeitwa Kang'ethe mwenye gereji ya mabati. Alikaa miaka saba. Kang'ethe alimfundisha kwamba jeti, kile kipande chenye tundu la kupitishia mafuta, hupulizwa kwa mdomo na haitiwi waya hata siku moja, na kwamba mteja anayesema "ilizima tu yenyewe" asiaminiwe hata akiapa. Mengine alijifunza kwa sikio. Aliporudi Nuu alikuwa na sanduku la spana na sikio hilo, na vyote viwili vilikuwa vizuri.

Hersi alipenda kumtazama akirekebisha. Injini ikinguruma, Musembi alishika bisibisi ndefu, ncha kwenye mwili wa kabureta na mpini sikioni, macho ameyafumba. Aliikaza skrubu ya hewa taratibu mpaka injini ikaanza kusongwa na pumzi kama mzee anayepanda ngazi, kisha akairudisha mzunguko mmoja, robo, robo nyingine. Injini ikatulia. Hapo Musembi alifumbua macho akamtazama Hersi kana kwamba yeye Hersi ndiye aliyekuwa mgonjwa.

Mdogo wake alikuwa Musyoka, naye alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga sitini, na maneno mengi kuliko nyuki wenyewe. Alichonga mizinga yake kwa mti mwepesi sana, ule ambao mtoto anaweza kubeba gogo lake kichwani, na akaitundika kwenye migunga hadi mpakani. Alikuja kibandani kwa kaka yake karibu kila siku, si kwa kazi yoyote bali kuchokoza.

"Mwana wa mwaitu, bado unanyonya hicho chuma?" aliuliza akimkuta Musembi anapuliza jeti. Mwana wa mama yetu: hivyo ndivyo walivyoitana, hata wakitukanana.

"Wewe unanyonya nyuki, nani amekuuliza?"

"Nyuki wana asali. Hiyo ina nini?"

"Ina nauli ya kukupeleka Mwingi siku utakapoumwa."

Hersi alicheka sana siku hiyo.

Basi mwaka wa sabini na sita, mwezi wa tisa, ardhi ya Nuu ikiwa imekauka hadi ikawa na sauti ukitembea, Mheshimiwa akaugua floti.

Floti ni kibuyu kidogo cha shaba kinachoelea ndani ya kabureta. Mafuta yakijaa kinapanda na kufunga mlango. Yakipungua kinashuka na kuufungua. Kazi yake yote ni kuelea, na ni kazi inayoonekana rahisi mpaka uone mtu akishindwa nayo. Floti ya Mheshimiwa ilikuwa na tundu dogo. Musembi aliitia katika maji ya moto, akaona povu linapotokea, akaitoa mafuta, akaiziba kwa lehemu. Ikatoboka pembeni. Akaiziba. Mara ya tano lehemu ilikuwa nyingi kuliko shaba, na floti ikawa na kitambi kama cha mjumbe wa kamati ya shule. Haikuwa na tundu tena, lakini ilizama kwa uzito wake.

Mpya iliagizwa Nairobi kupitia dereva wa basi. Ilikuwa ije wiki ijayo. Ikawa wiki ijayo kwa wiki tatu, na mbuzi wa Hersi walikuwa Tseikuru wakikonda kwa pamoja. Kila asubuhi alikwenda kibandani.

"Fundi, imefika?"

"Iko njiani."

"Njiani kutoka wapi? Nairobi au mbinguni?"

"Zote mbili hutumia basi hilo moja."

Asubuhi moja Hersi alikasirika. Alikuwa ameamka na habari kwamba mbuzi wanne wamekufa. Alisimama mbele ya kile kitambaa cheupe akasema, kwa mzaha wenye meno: "Basi chonga ya mti! Wewe si Mkamba? Baba yako alichonga twiga elfu, wewe utashindwa na kibuyu?"

Musembi hakucheka. Aliishika ile floti yenye kitambi, akaipima mkononi, akaitazama kwa muda mrefu. Hersi aliona kitu kikipita usoni mwake, akafurahi, kwa sababu alidhani ni mbuzi wake wanaopita.

Mti ulitoka kwa Musyoka, kipande kilichobaki kwenye mzinga. Musembi aliuchonga siku mbili kwa kisu cha baba yake, na ajabu ni kwamba mkono uliowakimbia twiga haukuwa umesahau chochote. Floti ilitoka laini kama yai, na kikono chake cha shaba kikafungwa mahali pake. Ilibaki kuiziba isinywe mafuta. Hapo hakuna mtu Nuu ambaye angefikiri mara mbili. Vibuyu vya maji, vibuyu vya maziwa, mizinga, vyungu vyenye ufa, vyote huzibwa kwa nta ya nyuki, na havivuji hadi mwenyewe anakufa akiwarithisha watoto. Musyoka alileta bonge la nta la ukubwa wa ngumi.

"Sasa nyuki wakiona wataingia kwa Mheshimiwa," alisema. "Bwana Hersi, usishangae ukivuna."

"Nitakuletea kibuyu cha kwanza."

"Na kiwe cha kwanza kweli. Najua nyinyi watu wa duka."

Nta iliyeyushwa, floti ikachovywa mara tatu. Na kwa kuwa Musembi hakuwa mtu wa kubahatisha, aliijaribu. Aliitia ndani ya beseni la maji kuanzia asubuhi hadi asubuhi ya pili. Zingatia kwamba mwezi huo maji yalitoka kwenye mchanga wa mto, umbali wa saa mbili kwa punda, na watu walikuwa wakinawia kikombe kimoja nyumba nzima. Beseni zima la maji kwa kibuyu cha mti! Hersi alipoliona aliguswa. Hakuna aliyesema ijaribiwe kwa petroli. Petroli haikuwa kitu cha kuchezea, na maji, yaliyokuwa haba kuliko vyote, yenye thamani kuliko vyote, ndiyo waliyoyapa kazi ya kuipima. Floti ilielea siku nzima bila kuzama hata unene wa unyasi.

Jumamosi Mheshimiwa aliwashwa mbele ya soko lote. Musembi aliweka bisibisi sikioni, akafumba macho, mzunguko mmoja, robo. Injini ikaimba. Wanawake wa maharagwe walipiga vigelegele, na naibu wa chifu akasema papo hapo kwamba hii ndiyo maana ya kujitegemea. Walizunguka soko mara tatu. Musyoka alikaa juu ya boneti akipunga mkono kama mgombea. Kisha Mheshimiwa akaegeshwa nyuma ya duka, apumzike, hadi safari ya Tseikuru Jumatatu.

Jumatatu saa mbili asubuhi Musyoka alipanda mgunga kutundika mzinga mtupu, tawi likavunjika. Alianguka chali juu ya mawe. Walimbeba sokoni juu ya mlango. Dresa wa zahanati alimbonyeza tumbo, akauona ugumu wake, akasema maneno machache tu: "Mwingi. Sasa hivi. Na msimtikise."

Msimtikise. Njia ya Mwingi ni karibu kilomita hamsini, na mashimo yake yalikuwa na majina.

Walimlaza nyuma juu ya godoro, kichwa kwenye mapaja ya mkewe Kalondu. Musembi alikaa mbele. Hersi aliendesha kama mtu aliyebeba maziwa kwenye sinia. Kila shimo alilizunguka, kila jiwe alilipisha, mara nyingine alitoka kabisa barabarani akapita kwenye nyasi. Musyoka alinyamaza pale gari lilipokwenda laini, na lilipogonga alitoa sauti ambayo Hersi hakujua kwamba mtu mzima anayo.

"Bwana Hersi," alisema Musyoka wakati fulani, kwa sauti nyembamba, "lile umelikosa. Rudi ulikanyage, lisijisikie vibaya."

"Nyamaza wewe," alisema Kalondu.

"Nikinyamaza mtadhani nimekufa."

Walikuwa wameenda kilomita ishirini na kitu Mheshimiwa alipoanza kukohoa. Moshi mweusi. Kukohoa tena, kuruka, na katikati ya mchanga wa mto mkavu akazima. Harufu ya petroli ikapanda, na ndani yake harufu nyingine, tamu.

Kutoka nyuma Musyoka alinusa. "Mmefungua mzinga?"

Musembi alikuwa ameshainua boneti. Hakunawa mikono, hakutandika kitambaa. Hersi alisimama karibu naye akaona kabureta ikifunguliwa, akaona kitu kilicholala chini ya mafuta kama kiazi kilichochemka: floti, imevimba, imelowa, na nta imekuwa ute wa manjano ulioingia kila mahali, kwenye sindano, kwenye jeti, kwenye vitundu ambavyo Kang'ethe alikataza visitiwe hata waya. Siku mbili nyuma ya duka floti ilikuwa imelala ndani ya petroli, ikiyeyuka kimyakimya.

"Nta inaogopa petroli," alisema Musembi. Alisema polepole kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa jina lake.

"Ni mimi niliyesema uchonge," Hersi alianza.

"Leta lile debe la mafuta. Na paipu."

Alizisafisha jeti kwa mdomo, moja moja, akanyonya na kutema, midomo ikapauka. Hiyo ilichukua zaidi ya saa moja, na jua lilikuwa juu ya paa la gari, na Kalondu alimpepea mumewe kwa kipande cha katoni. Kisha Musembi akafanya jambo ambalo Hersi hakuwahi kuona fundi akilifanya. Aliitupa floti mchangani. Aliling'oa boneti lote pamoja na tairi la akiba, akaliacha kando ya mto. (Lilipatikana mwezi uliofuata likiwa mlango wa kibanda cha kuku. Mwenye kuku aliomba radhi.) Alifunga debe la petroli juu ya paa, akateremsha paipu ya mpira moja kwa moja hadi kwenye kabureta, akapanda juu ya madigadi, mguu mmoja kwenye bampa na mwingine karibu na betri, akaibana paipu kwa kidole gumba na cha shahada.

"Washa."

Mheshimiwa aliwaka. Injini ilipolia njaa, Musembi aliachia kidogo. Ilipotoa moshi mweusi, alibana. Achia, bana, achia, bana. Hakukuwa na floti tena ndani ya gari lile, yeye ndiye aliyekuwa floti. Petroli ilimchuruzika mkononi hadi kwenye kiwiko, ikidondoka karibu na chuma chenye moto, na kama ingewaka ingewaka.

Hersi aliendesha akitazama barabara kupitia pembeni mwa mgongo wa Musembi. Shati lilikuwa limelowa, limeganda kwenye uti. Kila baada ya muda Musembi aligeuza shingo nusu, akapiga kelele juu ya injini:

"Vipi huko?"

"Endelea, fundi!"

"Anasema nini?"

"Anakutukana!"

"Vizuri!"

Ilikuwa kweli. Musyoka alikuwa akimtukana, kidogokidogo, na kwa kila tusi sauti ilipungua. Mlima wa mwisho kabla ya tambarare ya Mwingi una kona tano. Kwenye kona ya tatu Hersi hakusikia kitu. Kwenye ya nne alitazama nyuma. Kalondu alikuwa amefungua leso yake kichwani na kumfunika nayo mumewe uso. Alikuwa ameipanga pembe zake vizuri, kama mtu anayefunika chakula.

Mguu wa Hersi uliinuka wenyewe kutoka kwenye mafuta. Injini ikashuka sauti, na kule mbele vidole vya Musembi vikabana kuifuata, bila yeye kugeuka.

Kalondu alitikisa kichwa.

"Twende," alisema.

"Kalondu..."

"Twende, Bwana Hersi. Mwache afike."

Alisema hivyo bila kutoa chozi, akimtazama yule wa kwenye madigadi, si yule wa mapajani. Hersi alisema moyoni yale yanayosemwa mtu anaporejea kwa Mola wake, midomo haikutikisika, akakanyaga mafuta. Dunia nzima watu hupeleka maiti kaburini. Siku hiyo watu wa Nuu walimpeleka maiti wao kwa daktari, kwa kilomita kumi na tano, kwa sababu ya adabu. Mwanamke hakulia. Msomali hakuzungumza. Na mbele yao, juu ya chuma cha moto, mtu mmoja aliendelea kuachia na kubana, kuachia na kubana, kwa ustadi ambao hakuna cheti duniani kingeuandika.

Kilomita zile za mwisho zilikwenda upesi kuliko Hersi alivyotarajia. Mgongo wa Musembi ulirukaruka mbele ya kioo, lakini vidole havikukosea hata mara moja. Tangu mlimani hakuuliza tena mgonjwa yu vipi. Hersi alidhani kazi imemmeza, akashukuru, kwa kuwa hakujua angejibu nini.

Waliposimama mbele ya hospitali, Hersi alizima injini. Kalondu alingoja hadi ikanyamaza kabisa, ndipo akafungua kinywa. Ukemi wake uliwatoa watu madukani.

Musembi hakwenda nyuma. Alishuka kwenye madigadi, akasimama kando ya injini akijaribu kuitoa paipu mkononi. Vidole vilikuwa vimekataa kufunguka. Hersi alimsaidia kuvifungua, kimoja, kisha kingine, na wote wawili walikiangalia kile kidole gumba kama kwamba kina jambo la kusema.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Musembi alimuuliza swali moja.

"Tungefika saa tano, angepona?"

Daktari angeweza kudanganya, watu wengine hulipwa kwa kazi hiyo. Alifikiri kwa uaminifu, akasema, "Labda."

Kwenye mazishi chifu alihutubia. Alisema kifo hiki kimefunua haja ya barabara, na kwamba barabara inakuja, tena ya lami. Mchungaji alisema Mungu alimhitaji Musyoka, bila kueleza kama mbinguni kulikuwa na upungufu wa asali. Wazee walikuwa na maelezo yao, yaliyomhusu jirani mmoja na wivu wa mizinga. Kisha Musembi akasimama, hakuwa kwenye orodha ya wasemaji, akasema: "Floti ilikuwa yangu. Niliijaribu kwa maji." Watu wakamnyamazisha kwa upole. Mtu akamshika bega, mtu akaanzisha wimbo. Alijaribu tena, wimbo ukapanda. Hersi alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na ua, naye alikuwa na maneno yake mawili ya kusema: kwamba ni yeye aliyesema uchonge ya mti, na kwamba kuna mlima wenye kona tano. Hakusema hata moja. Alisimama tu, akiwa mrefu, akiwa mgeni, huku wimbo ukiendelea hadi ubeti wa mwisho.

Floti ya shaba ilifika Ijumaa iliyofuata, kwa basi lilelile.

Miaka ikaenda. Musembi hakuchonga tena kitu chochote, hata mpini wa jembe, alinunua. Kidole gumba chake cha kulia kilibaki kimejikunja, hakikunyooka kabisa, naye alijifunza kushika bisibisi kwa namna mpya. Alinawa mikono, alitandika kitambaa, alifukuza waliopiga chafya. Aliwapeleka shule watoto watatu wa Musyoka. Kalondu alichukua mizinga, akawa anapanda migunga mwenyewe, leso imefungwa kiunoni, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumwambia ashuke. Yeye na Hersi walisalimiana kila siku ya soko kwa miaka kumi na minne, wakaulizana habari za watoto na za mvua, na mlima ule haukutajwa.

Hersi alimzoea Musembi kama mtu anavyozoea jino bovu. Alikaa kwenye mkebe wake pale kibandani, akamtazama akipuliza jeti, na kila mara kabureta ilipofunguliwa ile habari ilimpanda kooni. Alikuwa ameitunga yote, mwanzo hadi mwisho. Kwa Kisomali ilikuwa nzuri sana, hata mkewe Qamar aliposimuliwa alilia. Kwa Kiswahili ilipotea njia kila alipoianza.

Mwaka wa tisini wanawe walimwita Garissa. Alikuwa amezeeka, duka lilikuwa limepata mpinzani mwenye friji. Aliuza alichoweza, akabaki na Mheshimiwa, akampeleka kibandani mara ya mwisho kwa ajili ya safari. Ilikuwa asubuhi, upepo hakuna. Musembi alifungua kabureta yote, akaipanga juu ya kitambaa, akaipuliza, akaifunga. Nywele zilikuwa nyeupe. Aliweka bisibisi sikioni, akafumba macho.

Hersi aliona kwamba kama si sasa basi.

"Musembi," alisema, na hakumwita fundi. "Nina kitu. Nimekaa nacho miaka kumi na minne, na siwezi kwenda nacho Garissa. Siku ile ya ndugu yako. Alifariki mlimani, kona ya nne. Hakufika Mwingi. Mimi niliona, na Kalondu aliona. Tukakuacha. Tulikuacha pale mbele unaungua mikono kwa ajili ya mtu aliyekwisha kwenda, kwa sababu... wallahi, kwa sababu hujawahi kujiona unavyofanya kazi. Nilisema moyoni, huyu mtu akisimama hapa atabaki hapa, mlimani, maisha yake yote. Akifika, atakuwa amefika. Nilitaka uwe na hilo. Kama nilikosea nihukumu. Nilikudanganya, nikakutazama machoni kila siku, nikanywa chai yako. Na ile habari ya kuchonga mti, hiyo nayo ni mimi. Nisamehe, ndugu yangu. Sema chochote. Nitukane."

Injini ilinguruma sawasawa. Musembi alirudisha skrubu robo mzunguko, akasikiliza, akaitoa bisibisi sikioni na kuipangusa kwenye suruali.

"Nilijua," alisema. "Uliacha kukwepa mashimo."